Rangi imo ndani ya kioo

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu wakitaka "kioo cha kanisa" huamini kioo kile kimepakwa rangi. Hunionyesha picha kwenye simu, dirisha refu lililojaa bluu na nyekundu, kisha huuliza ni rangi ya kampuni gani na mbona haibanduki. Huwajibu vile marehemu baba alivyokuwa akiwajibu wazazi wao: haikupakwa, imo ndani. Kioo kilitiwa rangi kingali kimeyeyuka tanurini. Bluu yatoka kwa kobalti, zambarau kwa manganizi, kijani kwa chuma au shaba, na ule wekundu wa kuiva watoka kwa shaba hiyo hiyo, tanuri likinyimwa hewa. Waridi yataka dhahabu. Kinachopakwa kwa brashi ni mistari ya uso, mikunjo ya nguo, kucha na majani, na hiyo nayo huchomwa mpaka ikashikana na kioo.

Mimi nakata vioo. Duka letu liko Mwembe Tayari, Mombasa, na kazi kubwa siku hizi ni alumini na kioo cheupe: madirisha ya ghorofa mpya za Nyali na Bamburi, vioo vya meza, vya kabati, vya kujitazamia. Anayetaka rangi hununua karatasi ya stika, tukambandikia. Kaskazi moja ikipita, pembe zimejikunja. Ya pili ikipita, bluu imepauka na mwenye nyumba anatuuliza sisi kulikoni. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Wale mafundi wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria, yaani tangu 1837 mpaka 1901, nawapenda sana, na nataka wajulikane huku pwani, hasa na watu wa kazi yangu.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi Birmingham. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa ameshapanga maduka ya kunipeleka. Nikamwambia, dada, mimi nataka kanisani kwanza. Akanitazama. "Umetoka Mombasa kuja kutazama kazi ya dukani?" Lakini alinipeleka, akakaa kwenye benchi na simu yake, na baada ya muda niligeuka nikamkuta simu ameiweka kando, yuko kimya, anatazama juu.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Filipo, lililowekwa wakfu mwaka 1715 na kufanywa kanisa kuu mwaka 1905. Lina madirisha manne aliyoyachora Edward Burne-Jones, mtoto wa mji ule ule, aliyezaliwa 1833 na kubatizwa humo humo. Yalitengenezwa na kampuni ya rafiki yake, William Morris. La katikati upande wa mashariki, Kupaa, ni la 1885. Kuzaliwa na Kusulubiwa yakafuata 1887. La magharibi, Siku ya Hukumu, ni la 1897, mwaka mmoja kabla Burne-Jones hajafa. Gharama ya mwanzo ilitolewa na mama mmoja tajiri, Emma Chadwick Villers-Wilkes, ambaye alishikilia kwamba dirisha la kuzaliwa kwa Nabii Isa lisiwe na ng'ombe. Na kweli, hakuna ng'ombe. Mteja akishikilia, fundi hutafuta njia, na Burne-Jones aliipata: wachungaji wamesimama kwa miti, malaika juu yao, wala huoni pengo.

Wekundu ule siuwezi kuueleza kwa haki. Katika Kupaa, malaika wamevaa nyekundu tupu, safu nzima, na juu na chini yao kuna bluu nzito, na bado macho hayachoki. Nilitafuta sababu kwa jicho la kazi. Nyekundu ile si moja. Hata kipande kimoja, kisichozidi kiganja, kina mahali penye giza na mahali penye kuwaka, kina mikwaruzo ya ndani ambayo hakuna aliyeichora. Kioo chenyewe ndicho kilichofanya kazi, mchoraji akakiacha kifanye. Vita vya Pili vilipokuja, vioo vyote viling'olewa vikafichwa Wales. Novemba 1940 kanisa likapigwa bomu likaungua ndani, na mwaka 1948 madirisha yakarudishwa mahali pake. Aliyetoa amri ya kuving'oa mapema namwombea kheri popote alipo.

Sasa, kioo cha namna ile hakikuwepo miaka hamsini kabla yake. Hapa ndipo hadithi inaponoga kwangu.

Ufundi huu ulikuwa umekaribia kufa Uingereza. Katika karne ya 17 na 18 waliobaki walikuwa wakichukua kioo cheupe na kukichora juu yake kwa rangi za kuchomwa, kama mtu anayechora picha kwenye turubai. Rangi za juu huzuia mwanga, kwa hiyo dirisha huwa zito na la kahawia, halina uhai. Kisha, mwanzo wa karne ya 19, watu wakaanza kuyapenda tena makanisa ya kale yenye matao yaliyochongoka. Miji ya viwanda ikajaa watu, makanisa mapya yakajengwa kwa mamia, na jamaa wenye uwezo wakataka dirisha la kumkumbuka marehemu wao. Kodi ya kioo ikafutwa 1845 na kodi ya madirisha 1851. Kazi ikafumuka. Thomas Willement na wenziwe wakarudi kwenye njia ya zamani, vipande vya kioo cha rangi vilivyoungwa kwa madini ya risasi. Michoro ikawa sahihi. Watakatifu wakasimama vile walivyosimama kwenye madirisha ya miaka mia sita nyuma. Hata hivyo ukiyaweka mapya kando ya ya kale, mapya yalikuwa maiti.

Aliyegundua kwa nini hakuwa fundi. Charles Winston alikuwa wakili wa London ambaye likizo zake alizimalizia makanisani, akinakili vioo vya kale kwa rangi za maji. Mwaka 1847 alichapisha kitabu cha kutofautisha mitindo ya vioo hivyo, zama kwa zama. Mtu aliyetazama kwa makini namna ile hakuweza kudanganyika na uchoraji mzuri. Alisema tatizo ni kioo. Kioo kipya kilikuwa chembamba, sawasawa, safi mno. Akatafuta vipande vya karne ya 12 na 13, akampa mwanakemia avipime vimeundwa na nini, kisha matokeo akayapeleka kwa James Powell and Sons, kiwanda cha Whitefriars karibu na mto Thames. Kufikia katikati ya miaka ya 1850 Powell walikuwa wakiuza kioo kipya kilichotengenezwa kwa kufuata kile cha kale: kinene hapa, chembamba pale, chenye mapovu na michirizi.

Fikiria ugumu wa jambo hilo kwa watu wa wakati ule. Mwaka 1851 walikuwa wameijenga London ile nyumba kubwa ya vioo ya Maonyesho Makuu, karibu vipande 300,000 vya kioo kutoka kwa Chance Brothers wa pale karibu na Birmingham, na taifa zima lilikuwa likijivunia kioo kilichonyooka. Humo humo kwenye maonyesho palikuwa na sehemu ya madirisha ya rangi. Na bwana huyu wakili akaja kuviambia viwanda virudi nyuma, vitengeneze kioo kisichonyooka, kwa makusudi, tena kwa bei ya juu.

Mimi namwelewa kwa sababu nauza kioo kilichonyooka kila siku. Kioo cha sasa humwagwa juu ya bati iliyoyeyuka, kikaelea, kikatoka laini pande zote mbili. Ni njia ya Pilkington, iliyotangazwa 1959. Kwa dirisha la sebuleni ni neema, waona bahari bila kupindapinda. Lakini kitie rangi kisha ukiweke dirishani uone: mwanga wapita moja kwa moja na jicho lako lafuata, unaona ukuta wa jirani, wa buluu. Kioo chenye mapovu na mawimbi huuvunja mwanga ndani yake, ukatawanyika, na jicho husimama pale pale kwenye kioo. Mtu haoni nje. Huona rangi. Ndiyo tofauti yote kati ya dirisha la kutazamia nje na dirisha la kutazamwa lenyewe.

Walivyokitengeneza: fundi hupuliza donge la kioo kwa bomba la chuma mpaka likawa chupa ndefu isiyo na shingo, akazikata ncha zote mbili, akaipasua kwa urefu, akairudisha tanurini ikalainika na kufunguka ikawa bapa. Kwa kuwa ni pumzi ya mtu, unene haulingani. Nyekundu ya shaba ina taabu yake: ikiwa kioo kizima ni chekundu, hakipitishi mwanga, chaonekana cheusi. Kwa hiyo huchovya donge la kioo cheupe ndani ya kioo chekundu ndipo wapulize, na utando mwembamba wa wekundu ubaki upande mmoja tu. Faida yake nyingine ni kwamba ukiukwangua utando ule, au ukiuondoa kwa asidi kama walivyofanya sana zama za Victoria, wapata nyeupe ndani ya nyekundu bila kuunga vipande viwili.

Kuhusu dirisha lenyewe, kwanza huchorwa dogo, mteja akalikubali. Kisha huchorwa kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi, na hapo ndipo njia za risasi hupangwa. Huu ndio mtihani. Risasi ni mistari myeusi inayoshika vipande, na fundi mbaya huiacha ipite popote, ikamkata malaika shingo. Fundi mzuri huifanya iwe ukingo wa bega, upindo wa kanzu, mpaka wa bawa. Nilipokuwa Birmingham nilifuata njia za risasi kwa kidole hewani, na karibu kila mahali zilikuwa zimechora kitu. Mtu asiyejua hazioni kabisa.

Vipande hukatwa vikiachiwa nafasi ndogo kati yao kwa ajili ya moyo wa risasi, yaani ule ukuta wake mwembamba wa katikati. Hubandikwa kwa nta ya nyuki kwenye kioo kikubwa cheupe kilichosimamishwa mbele ya dirisha, ili mchoraji aone kazi yake mwangani, si mezani. Wino wa kuchorea ni unga wa kioo na kutu ya chuma, uliokorogwa kwa maji au siki na gundi ya mgunga. Huchora mistari, halafu hufunika kipande kizima kwa utando mwepesi, akaupapasa kwa brashi ya manyoya ukiwa haujakauka, na ukishakauka huukwangua kwa kijiti au sindano pale anapotaka mwanga utokee. Uso hutokea kwa kuondoa. Kisha tanurini, nyuzi mia sita na kitu. Kipande kimoja chaweza kuingia motoni mara kadhaa.

Na kuna fedha. Mchanganyiko wa fedha ukipakwa nyuma ya kioo cheupe na kuchomwa, kioo hugeuka manjano, kuanzia ya limau mpaka ya kahawa, wala haikwanguki. Kwa hiyo uso mweupe na nywele za dhahabu na taji vyaweza kuwa kipande kimoja bila risasi kupita kati yake. Siri hiyo ilijulikana Ulaya tangu mwanzo wa karne ya 14. Mara ya kwanza nilipoisoma nilimpigia dada simu usiku, akanikumbusha kwamba anaamkia zamu.

Mwisho vipande hupangwa juu ya benchi, vikashikiliwa kwa misumari ya kwato za farasi, risasi ikazungushwa kila kimoja, viungo vikalehemiwa, na mapengo yakajazwa saruji laini ya chaki, mafuta ya kitani na masizi. Dirisha likisimama ukutani hufungwa kwa nyaya za shaba kwenye vyuma vilivyolala kukata dirisha, maana risasi ni laini na upepo una nguvu.

Watu waliofanya kazi hii walitoka kila upande. John Hardman wa Birmingham alikuwa wa ukoo wa watengeneza vifungo vya nguo. Rafiki yake msanifu Pugin ndiye aliyemsukuma aanze vioo mwaka 1845, na Pugin mwenyewe akawa akichora Ramsgate, pwani ya kusini-mashariki, kazi ikitengenezwa Birmingham. Pugin alikufa 1852 akiwa na miaka 40 tu, na mkwewe John Hardman Powell akashika kalamu. William Wailes wa Newcastle alikuwa mwenye duka la chai na vyakula. Kwa mtu kama mimi, aliyezaliwa nyuma ya kaunta, hilo si jambo dogo: muuza chai alijenga tanuri dogo uani kwake, na mwaka 1859 akatia kioo dirisha kubwa la magharibi la kanisa kuu la Gloucester.

Charles Eamer Kempe alitaka kuwa kasisi, kigugumizi kikamzuia, akaamua kuyapamba makanisa ambayo hangeweza kuhubiri ndani yake. Sahihi yake ni mganda mdogo wa ngano pembeni. Karakana nyingi hazikutia alama yoyote, kwa hiyo watu wamebaki wakibishana hadi leo nani alitengeneza nini.

Clayton and Bell, walioanza 1855, walifika kuajiri watu wapatao 300. Wapo wanaowadharau kwa hilo, wanasema kile kilikuwa kiwanda, mmoja nyuso, mwingine nguo, mwingine kukata, mwingine risasi. Mimi sikubaliani nao. Karakana yoyote yenye kazi nyingi hugawana kazi, na kijana anayekata kioo miaka kumi hukijua kuliko bwana anayechora. Morris mwenyewe, ambaye husifiwa kwa kupenda kazi za mikono, hakuwa akitengeneza kioo chake. Alinunua kwa wale wale Powell. Burne-Jones alitoa michoro, Morris akachagua rangi, na msimamizi wake George Campfield akahakikisha kazi inatoka. Jina la Campfield nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa wasimamizi wa karakana ndio wasiokumbukwa.

Ila lawama wanayo. Michoro ile ile ilirudiwa kanisa baada ya kanisa mpaka malaika wakafanana. Nyuso nyingine ni tamu kupita kiasi. Na kubwa zaidi, kwa jina la kukarabati, vioo vya kale vilivyochakaa viling'olewa vikawekwa vipya, na vya kale vikapotea. Morris aliona ubaya huo. Kuanzia 1877, mwaka alioanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, alikataa kupeleka madirisha mapya kwenye makanisa ya zama za kati, ingawa hiyo ilikuwa riziki yake.

Kuna pia balaa la boraksi, aina ya chumvi ya madini. Miaka ya 1860 na 1870 karakana kadhaa, ya Morris ikiwemo, zilichanganya boraksi kwenye wino ili uyeyuke kwa moto mdogo. Uliyeyuka vizuri, ukang'aa, kila mtu akaridhika. Lakini boraksi huyeyuka pia kwa unyevu, na makanisa ya kule hutoka jasho la baridi. Mistari ikaanza kutoka. Leo yapo madirisha yenye kanzu nzuri, mabawa mazuri, na mahali pa uso kioo cheupe kitupu.

Wanawake walikuwa wachache na wengi hawatajwi. Mary Lowndes ndiye nimshikaye. Alifanya kazi chini ya mchoraji wa madirisha Henry Holiday, akajifunza kila hatua kwa mikono yake, na mwaka 1897 akaungana na fundi Alfred Drury wakafungua karakana yao, Lowndes and Drury. Mwaka 1906 wakahamia Fulham kwenye jengo walilolijenga kwa ajili ya kazi hiyo, ambapo mchoraji yeyote asiye na tanuri wala benchi, mwanamke au mwanamume, aliweza kukodi nafasi na kusimamia dirisha lake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka hiyo hiyo akawa akishona na kuchora mabango ya wanawake waliodai kura. Nikiingia eneo la ujenzi na tepu yangu mkononi na mkandarasi akauliza fundi yuko wapi, namfikiria Mary Lowndes.

Nimeulizwa kama dirisha la namna ile laweza kuwekwa hapa kwetu. Laweza, lakini si lile lile. Madirisha yale yalipangwa kwa jua la kwao. London mwezi wa Desemba, saa sita mchana, jua limepanda nyuzi 15 tu kutoka upeo wa macho, na siku nyingi limejificha. Mwanga watoka mbingu nzima, wa kijivu, wa upole. Kioo chawaka polepole siku nzima. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Saa sita jua liko juu sana, na dirisha la kaskazini au kusini hupata mstari wake mdogo tu, tena miezi fulani. Ikifika alasiri upande wa magharibi, jua laja lote kwa pamoja. Zile sehemu nyeupe ambazo Burne-Jones aliziacha kwa nyuso na mikono zingewaka mpaka michoro ikazama.

Waliojenga Mji wa Kale walilijua jua lao. Tembea Ndia Kuu ukiinua macho. Vioo vya rangi viko juu ya mlango, kwenye nusu duara, au kichwani mwa roshani, vidogo, ndani ya ukuta mnene wa matumbawe: zambarau, kijani, bluu nzito, kahawia ya asali. Nyeupe hakuna au ni kidogo. Havina watakatifu wala hadithi, ni rangi na mbao basi, lakini ukikaa ndani saa moja asubuhi waona kazi yake sakafuni. Na ukikigusa kipande cha zamani kwa ncha ya kidole wasikia mawimbi. Ni kioo cha jamaa moja na kile cha Winston.

Kioo hicho dukani kwangu sina, na sijui duka Mombasa linalokiuza. Kilichopo ni kilichonyooka. Kwa hiyo kila nyumba inayokarabatiwa na vioo vyake vikatupwa pamoja na kifusi, basi. Winston aliweza kuipata ile siri kwa kuwa makanisa fulani yalikuwa bado na vipande vya kumpa.

Kama unakarabati, nakuomba haya. Usigongegonge mastiki ya zamani kwa patasi, imekuwa jiwe na kioo kitapasuka kabla yake. Toa ubao unaokishika kioo, ubao huchongwa mwingine. Kiandike namba kwa kalamu ya nta, na namba hiyo hiyo uiandike kwenye fremu, maana hakuna vipande viwili vilivyokatwa sawa. Kioshe kwa maji matupu na kitambaa. Usitie asidi ya chooni wala steelwool. Kifunge kwa gazeti kimoja kimoja, kisha blanketi, na ukisafirishe kimesimama kwa ubavu, kamwe kisilale, hata kama ni mwendo wa kutoka Kibokoni hadi Makupa. Kikivunjika usikitupe. Na ikiwa huna pa kuviweka, nipigie, nitakuja na mkokoteni na kijana wangu, navichukua vyote hadi vya ukubwa wa kiganja, na zambarau nainunua.